Dogo kadondoka mwembeni? Nundu siyo kipimo!

Leo tuko Mlandizi, kando ya barabara ya Morogoro. Miembe ipo, watoto wapo, bodaboda nazo hazina simile. Dogo akidondoka na kupiga kichwa, kila jirani ni daktari: "Mkande, nundu itakwisha!"

Hapo ndipo kasheshe inapoanzia. Dogo anaweza kuwa na nundu kama yai na ubongo uko salama. Mwingine hana hata mkwaruzo, kumbe ndani damu inavuja.

Madaktari wana kipimo kilichotolewa mwaka 1974 na Teasdale na Jennett wa Glasgow. Kufumbua macho kuna alama 4, kusema 5, kujongeza viungo 6. Jumla 15. Mwenye 13 hadi 15 ana jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka mpaka 3, hilo ni kubwa. Kitoto kisichojua kusema hupimwa kwa kilio na uchangamfu wake.

Sasa neno "dogo" lisikuzuge. Hata aliyezimia kwa muda usiozidi dakika 30, au hakumbuki alivyoanguka, anaweza kuwekwa kundi hilo hilo. Wapo madaktari wanaoona 13 ni hatari mno, kwa hiyo "dogo" kwao linaanzia 14. Tena alama ni za saa ile tu. Jioni 15, usiku zinaweza kushuka.

Kwa hiyo dada, kaka, mwangalie kwa makini saa 24 za mwanzo. Akilala si kosa, ila mwamshe mara kwa mara uone kama anakutambua. Ukiona anatapika tena na tena, degedege, usingizi usioamshika, mboni moja kubwa kuliko nyenzake, maji au damu puani au masikioni, au kichanga kagoma kunyonya, usingoje kuche. Kimbia kituo cha afya, na wao wakiona mambo mazito watampeleka Tumbi, Kibaha.

Maumivu? Panadol kwa kipimo cha umri wake, aspirini mwiko. Na chandimu asubiri mpaka kichwa kiache kuuma kabisa, maana pigo la pili juu ya la kwanza si mchezo.

Tukutane wiki ijayo!