Nyuma ya Sauti ya Mtangazaji

Katika shule zetu za msingi, mwalimu anapowauliza wanafunzi wa darasa la sita ni kazi gani wangependa kuifanya wakiwa watu wazima, haikosi mikono miwili mitatu ya wale wanaotaka kuwa watangazaji. Tumeyashuhudia hayo mara nyingi tulipokwenda kuwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, mjini Bariadi na hata katika vijiji vya Itilima na Meatu. Aghalabu mwalimu humwita mtoto huyo mbele ya darasa, akampa gazeti asome kama asomavyo msomaji wa habari, wenzake wakapiga makofi, na jambo likaishia hapo. Si vibaya. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani kwao hupata mazoezi mema ya kusoma Kiswahili kwa sauti. Walakini, kwa maoni yetu, mwalimu huyo amefundisha nusu tu ya utangazaji, tena ile nusu iliyo rahisi kuionyesha, na amewaacha gizani watoto ambao huenda wangefaa zaidi kwa nusu ya pili.

Nusu hiyo ya pili ni ufundi. Sauti ya mtangazaji haitoki Dar es Salaam ikafika Bariadi kwa nguvu za mapafu yake. Kuna mtu aliyeketi nyuma ya kioo akiipima isizidi wala kupungua. Kuna aliyerekodi mahojiano jana, akayakata na kuyaunga yatoshe katika dakika 15. Kuna anayeulinda mtambo wa kurushia matangazo usizidiwe na joto, na mwingine aliyepanda mnara kufunga antena. Kuna, mwisho, mlinzi wa jenereta, ambaye umeme ukikatika usiku wa manane ndiye mtu muhimu kuliko wote kituoni. Watu hawa hawajulikani kwa wasikilizaji, na kwa sababu hiyo hawajulikani pia kwa walimu, wala kwa watoto wanaofundishwa na walimu hao.

Tukiitazama historia ya utangazaji nchini tutaona kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 ikiwa kituo kidogo cha majaribio kilichosikika katika mji huo tu. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikalichukua, nayo Radio Tanzania Dar es Salaam ikazaliwa. Kila hatua ya kukua kwa redio ilikuwa hatua ya ufundi: mitambo yenye nguvu zaidi, antena ndefu zaidi, mafundi wengi zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Walimu hupenda kuisimulia kampeni hiyo, nasi tunaisimulia kila mwaka darasani. Lakini nani huuliza ilikuwaje kipindi kimoja kikasikika kwa saa ileile katika vikundi vilivyotawanyika nchi nzima? Mwezeshaji wa kikundi aliandaliwa, kitabu kilichapwa, na mtambo uliwaka. Kama mtambo haungewaka, kikundi kingekaa chini ya mwembe kikitazamana.

Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, vituo vya watu binafsi viliruhusiwa, na kuanzia mwaka 1994 redio na televisheni za aina hiyo zikaanza kusikika na kuonekana Tanzania Bara. (Zanzibar ilikwisha kutangulia kuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970.) Mwishoni mwa mwaka 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata katika miaka iliyofuata. Ikumbukwe kwamba mwaka huohuo wa 2012 ndipo Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo katika mkoa huu hajui nchi yenye kituo kimoja cha redio. Amekulia katikati ya minara, ving'amuzi, simu zenye redio ndani yake, na magari ya matangazo yanayozunguka sokoni. Vitu hivyo vyote anaviona. Anayemfafanulia ndiye anayekosekana.

Hapa ndipo mwalimu wa shule ya msingi anapohusika. Wengi wa wanachuo wetu hudhani kwamba elimu ya redio ni ya vyuo vya ufundi, na kwamba wao hawana la kufanya ila kumtakia mtoto heri. Sivyo. Sauti, umeme na sumaku ni mada za sayansi ya shule ya msingi, na redio si kitu kingine ila mada hizo tatu zilizounganishwa. Mtangazaji anaposema, hewa hutikisika. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Mtambo huupandisha umeme huo juu ya mawimbi. Antena ya msikilizaji huyanasa mawimbi. Na spika, kwa msaada wa sumaku, huitikisa tena hewa kama ilivyotikiswa mwanzo. Mwalimu aliyeuelewa mlolongo huo ana somo la wiki nzima mikononi mwake.

Na aanze na ngoma, kwa maana katika Usukuma ngoma haipungui. Baada ya mavuno ya pamba, mashamba yakiwa wazi, mwanafunzi mmoja asimame mita 340 kutoka kwa wenzake, apige ngoma kwa fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe. Darasa litaiona fimbo ikishuka, kisha baada ya sekunde moja hivi litaisikia sauti. Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kukaririshwa mwendo wa sauti, ameupima.

Ndipo aambiwe kwamba mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na apewe hesabu ifuatayo. Kutoka Dar es Salaam hadi Bariadi ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyooka. Je, mawimbi huchukua muda gani? Haufiki sehemu 3 kati ya 1,000 za sekunde. Na katika muda huo sauti ya kawaida hewani imekwenda umbali gani? Takribani mita moja. Kwa hiyo enzi za kusikiliza mitambo ya Dar es Salaam moja kwa moja, mzee wa Bariadi mwenye redio yake aliweza kumsikia mtangazaji kabla ya mtu aliyesimama hatua nne kutoka kwa mtangazaji huyo chumbani. Tumeona darasa zima likikataa jambo hili kwa kelele, kisha likarudia hesabu na kunyamaza. Siku hizi mambo ni tofauti kidogo, kwani vipindi vingi hupandishwa kwanza kwenye setilaiti iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi peke yake hula robo ya sekunde hivi. Hiyo nayo ni hesabu ya kugawanya.

Hesabu nyingine inahusu antena. Urefu wa wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawanya 300 kwa idadi ya megahezi. Kituo cha FM kilicho kwenye 100 kina wimbi la mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Wanafunzi waipime antena ya kuvuta ya redio yoyote ya nyumbani, nao wataona kwamba mara nyingi urefu wake haukai mbali sana na kipimo hicho. Kisha wajiulize: mbona redio za zamani za masafa ya kati, ambazo mawimbi yake huwa na urefu wa mamia ya mita, hazina antena ndefu kama mnazi? Jibu limo ndani ya kasha: kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Na ndiyo sababu babu huigeuzageuza redio yake mezani hadi sauti itakate. Watoto wengi wamekwisha kumwona babu akifanya hivyo, wakadhani ni mazoea ya uzee.

Tuseme neno la tahadhari, kwa kuwa tunajua bidii ya walimu vijana. Vifaa vya mazoezi haya viwe vya betri peke yake. Chombo chochote kinachochomekwa ukutani kisifunguliwe darasani, na televisheni za zamani zenye kisogo kikubwa zisiguswe kabisa, maana huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Mwalimu anayetaka kumwongoza mtoto hana budi kumwambia ukweli, na ukweli una pande mbili. Vituo vya redio haviajiri watu wengi. Si siri kwamba vijana wengi wanaopenda kutangaza hujitolea miezi mingi bila mshahara, wakingoja nafasi ambayo huenda isipatikane. Mwalimu anayempamba mtoto kwa maneno ya sifa bila kumwambia hili anamdhulumu. Kwa upande wa pili, mtu aliyejifunza ufundi wa utangazaji hafungwi na mlango wa kituo cha redio. Maarifa yaleyale ya mawimbi na umeme yanatakiwa na makampuni ya simu, viwanja vya ndege, studio za muziki, wafungaji wa ving'amuzi na umeme wa jua, na wenye vipaza sauti vya mikutano, misikiti na makanisa. Msomaji wa habari akikosa kituo amekosa kazi. Fundi akikosa kituo, anafungua kibanda sokoni Bariadi, na keshokutwa ana wateja.

Njia zipo, na mwalimu azijue angalau kwa majina. Kwa upande wa uandishi na utayarishaji wa vipindi, jirani yetu wa karibu ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichopo Nyegezi, Mwanza. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Kwa upande wa mitambo ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, na kipo Chuo cha Ufundi Arusha. Mkondo wa amali, ulioanza kufundishwa katika baadhi ya shule za sekondari mwaka 2024, nao umefungua mlango ambao zamani haukuwapo. Lakini vyuo vya mitambo humtazama mwombaji kwa Hisabati na Fizikia, si kwa utamu wa sauti. Mtoto aliyekata tamaa ya Hisabati akiwa darasa la tano amejifungia mlango huo miaka sita kabla ya kuufikia, naye hajui, wala mzazi wake hajui. Anayejua, au anayepaswa kujua, ni mwalimu.

Hilo linatutia uchungu zaidi tukiwafikiria wasichana. Katika madarasa tuliyokagua, redio mbovu ikiletwa, wavulana huizingira na wasichana hubaki madawatini. Kisha ikifika zamu ya kusoma habari, wasichana ndio wanaoitwa kwa kuwa eti sauti zao ni nyororo. Hakuna aliyetoa amri hiyo, lakini inatekelezwa kila siku. Tungependa mwalimu aivunje kwa makusudi: bisibisi awape wasichana kwanza, gazeti awape wavulana.

Tunajua majibu tutakayopewa. Muda hautoshi, mtihani wa taifa unakaribia, shule haina umeme. Kuhusu muda, hatukuomba kipindi hata kimoja cha ziada. Tumesema sauti, umeme, sumaku na kugawanya, ambavyo vimo tayari katika mihtasari, na ambavyo mtihani huviuliza. Kuhusu umeme, chukua spika moja iliyotolewa katika redio iliyokufa na betri moja kavu ya volti 1.5. Gusisha nyaya mbili kwa nukta moja tu, uziachie. Karatasi ya spika itaruka na kutoa mlio, na mtoto aliyeweka kidole juu yake atausikia umeme ukigeuka kuwa sauti. Spika kama hizo hazinunuliwi. Fundi redio yeyote wa sokoni ana lundo lake chini ya meza, naye akiombwa kwa adabu hutoa.

Afadhali zaidi, aombwe aje mwenyewe. Mwanachuo apate kwanza idhini ya mwalimu mkuu, akubaliane na fundi siku ambayo si ya gulio, na amweleze kwamba watoto watauliza maswali mengi. Fundi aje na kasha lake la vifaa, asimame mbele ya darasa, na mwalimu akae nyuma pamoja na wanafunzi akiandika.