Kijarida cha Mtu Mmoja: Haja ya Waandishi wa Uraibu Kwale

Katika idara zetu za Kiswahili, mwandishi hutambuliwa kwa kitabu. Aliyechapisha diwani huitwa mshairi, aliyechapisha riwaya huitwa mtunzi, na asiyekuwa na kitabu hubaki "chipukizi" hata kichwa kikijaa mvi. Kipimo hiki kina manufaa kwa mtahini anayetafuta matini teule, lakini kimewaacha nje watu ambao maandishi ya mwambao yangekuwa pungufu bila wao: wale wanaoandika kwa mapenzi tu, baada ya saa za kazi, na kuyatoa maandishi hayo wenyewe, kidogo kidogo, kwa wasomaji wanaohesabika.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, wa ukoo uleule ambao tawi lake moja lilikaa Gazi hadi vita vya Mbaruk bin Rashid vya 1895–96. Mwaka 1930 Sheikh alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo mno la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akafuatisha Al-Islah. Uandishi wa habari haukuwa ajira yake. Alikuwa mwanachuoni, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliandika makala fupi fupi juu ya elimu, mila na hali ya Waislamu wa mwambao chini ya ukoloni. Baadhi zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na mwaka 2017 Kai Kresse na Hassan Mwakimako wakazitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Yaani karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya majirani ilichukua miaka 87 kufika katika rafu za wataalamu wa ng'ambo. Sisi wenye lugha tulikuwa wapi katika muda huo ni swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha.

Hakuwa peke yake. Dar es Salaam, mwaka 1937, Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu na kulibeba kwa sehemu kubwa mabegani mwake. Naye Shaaban Robert, karani wa serikali, alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua ambazo zilichapishwa mwaka 2002 kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Barua si gazeti, hilo ni kweli. Lakini nidhamu ni ile ile: mtu mwenye kazi nyingine anakaa chini kila baada ya muda, miaka 27, na kumpa msomaji anayemjua habari za maisha na fikra zake. Tanga, alikokuwa akifanya kazi, ni mwendo mfupi tu kuvuka mpaka wa Lunga Lunga.

Sasa tuitazame Kwale. Mnamo Oktoba 2016 Wamakonde waliokuwa wakiishi humo bila uraia, wengi wao Makongeni na vijiji vya Msambweni, walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Shimoni na Vanga walisubiri hadi mwaka 2023. Huko Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, kijiji kikauza hewa ya ukaa kwa kulinda mikoko yake. Mgodi wa titani wa Base uliopeleka shehena yake ya kwanza ng'ambo mwaka 2014 uliacha kuchimba Desemba 2024. Hayo yote yaliandikwa, ndiyo, lakini yaliandikwa siku yalipokuwa habari. Gazeti la Nairobi huja siku ya maandamano na kuondoka jioni. Anayebaki kuona foleni ya vitambulisho mwezi unaofuata, au nyumba ya mchimbaji mwezi wa tatu bila mshahara, ni mkaazi. Akiwa na mazoea ya kutoa ukurasa mmoja kila mwezi, ataandika. Akiwa anangoja kuandika riwaya, huenda asiandike kabisa.

Kuna na suala la lugha yenyewe. Kichifundi cha Funzi na Shimoni, na Kivumba cha Wasini na Vanga, husomwa darasani kama orodha ya sauti na viambishi, mifano michache mbele ya mtihani. Chidigo kimepata kamusi, Mgombato ya mwaka 2004, yenye maelezo ya Kiingereza na Kiswahili. Kamusi huhifadhi maneno; haioneshi mtu akinung'unika, akitania wala akiomba radhi kwa lahaja yake. Kijarida kinaweza, kwa kuwa mwenyewe hana mhariri wa kumsanifishia kila sentensi.

Hapo ndipo pingamizi huibuka: bila mhariri, makosa yatajaa. Yatajaa kweli. Mwandishi wa uraibu hujirudia, hupenda methali kupita kiasi, na beti zake huvuja vina. Makosa hayo ni bei nafuu kwa kinachopatikana, na msomaji jirani ni mhariri mkali kuliko tunavyodhani: ukikosea jina la mzee wa Kinondo, utaambiwa msikitini.

Hatari kubwa ni uchovu. Toleo la kwanza hubeba kila kitu ambacho mtu alitaka kusema kwa miaka kumi. La pili hubeba yaliyobaki. La tatu huomba radhi kwa kuchelewa, na la nne halitoki. Dawa yake ni udogo. Karatasi moja, pande mbili, siku inayojulikana, wasomaji thelathini wanaojulikana kwa majina. Anayetamani elfu tatu ataanza kuandika ya kuwapendeza elfu tatu. Pia fedha za wafadhili zikwepwe mapema. Diani haina uhaba wa mahoteli, wala Kwale haina uhaba wa wanasiasa. Hoteli itataka picha ya ufuo, mwanasiasa atataka picha yake mwenyewe, na mwenye kijarida atajikuta karani wa mmoja wao.

Wapo wanaosema simu imemaliza haja hii. Simu imerahisisha kusambaza, haikurahisisha kuhifadhi. Ujumbe wa kikundi hufutika simu inapoibwa katika feri ya Likoni, na pamoja nao hufutika utenzi uliokuwa haujaandikwa kwingine.

Chama kama hiki kina wanachama kutoka Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga wanaorudi kwao kila likizo. Waulize nyumbani ni nani anayeandika, ni mwalimu gani mstaafu mwenye madaftari, ni binti gani anayetoa nakala za mashairi yake kwenye duka la fotokopi, kisha walete nakala moja, yenye tarehe, idarani. Kabati moja lenye kufuli linatosha kuanza, na mwanafunzi wa uzamili anayekosa mada ya tasnifu apewe ufunguo.