Mwekezaji akikiuka sheria ya mazingira, mpangaji wa Eastlands ndiye hulipa

Msimu wa masika unapokaribia, hofu hutanda Huruma, Mathare, Mukuru na mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi iliyo kando ya mito. Hofu hiyo haitokani na mvua pekee. Inatokana pia na majumba ya kupangisha yaliyoinuliwa mahali ambapo sheria hairuhusu hata kupanda sukuma wiki.

Si kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inaitaka miradi mikubwa ya ujenzi ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, kabla ya kazi kuanza. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kilimo na ujenzi katika ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto.

Lakini ploti ya kandokando ya mto hupatikana kwa bei nafuu, nao watu wanaotafuta vyumba ni wengi. Mwekezaji hujenga haraka, akarudisha fedha zake kupitia kodi kabla mkono wa serikali haujamfikia.

Matokeo yake yalionekana Huruma usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita karibu na mto lilipoporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 50. Ilibainika kwamba jengo hilo lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwa ukutani, wapangaji walikuwa ndani.

Hata karatasi rasmi si kinga. Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi katika mtaa wa Mradi, Embakasi, uliua watu na kujeruhi mamia. Mamlaka ya kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mara tatu mwaka 2023, kwa sababu ya wingi wa makazi. NEMA nayo ilikiri kwamba leseni yake ilitolewa kinyume cha utaratibu, na maafisa wake wakasimamishwa kazi. Idara moja ilikataa, nyingine ikaidhinisha, na wakazi hawakuwa na njia ya kujua.

Miezi mitatu baadaye, mafuriko yalipoikumba Nairobi, serikali iliamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Kila familia iliyofurushwa iliahidiwa Sh10,000 za kutafutia makao mengine.

Hapa ndipo penye kasoro kubwa. Mpangaji hakuchagua ploti, hakuchora ramani wala hakuomba leseni. Hata hivyo, yeye ndiye hupoteza godoro, sare za watoto na kodi aliyokwisha kulipa. Msaada aliopewa ulitoka katika kodi za wananchi, si katika mfuko wa aliyemjengea mtoni.

Sheria ya mwaka 1999 inatambua kanuni kwamba anayeharibu mazingira ndiye agharamie uharibifu huo. Kanuni hiyo ingefaa kumfikia mwenye nyumba pia. Kabla ya jengo la kando ya mto kubomolewa, mmiliki wake atambuliwe na alazimishwe kurudisha kodi na kulipia uhamisho wa wapangaji. Vilevile, vyumba visipangishwe kabla ya jengo kukaguliwa, na leseni zake zibandikwe mlangoni ambapo kila mtu anaweza kuzisoma.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika Eastlands, ufa ni wa mwekezaji na wa afisa aliyemfumbia macho, ila ukuta hujengwa na mpangaji. Hadi mzigo huo utakapomrudia mwenye faida, kila masika yatakuja na tingatinga zake.