Sindano Fupi, Ahadi Ndefu

Wacha niseme bila kuzunguka: ile rola ya sindano unayouziwa kwa mia chache ujichome uso nyumbani haitaziba mashimo ya chunusi. Haitaziba kwa wiki mbili, haitaziba kwa miezi miwili. Na anayekuahidi hivyo ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Mimi ni msusi hapa Kalimoni. Wateja wangu wengi ni wasichana wa chuo kutoka upande wa Juja. Kila mara kuna anayetoa simu na kunionyesha picha mbili: uso wenye mashimo, halafu uso laini kama yai. "Auntie, hii kitu inafanya kweli?" Wengine wanakuja na rola yenyewe kwa mkoba, wanataka niwapitishie. Huwa nakataa. Wanasema ati mimi ni mwoga. Basi leo nijieleze.

Kwanza, haki yake nimpe. Jambo lenyewe si uongo. Mmoja wa walioanzisha rola hizi miaka ya 1990 ni Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town. Sindano inatoboa, ngozi inajiponya, na katika kujiponya inatengeneza kolajeni, ile nyuzinyuzi inayoishikilia ngozi kutoka chini. Madaktari wa ngozi wanaitumia kupunguza makovu. Kwa ngozi nyeusi kama yetu, wengi wanaipendelea kuliko leza kwa sababu haitumii joto, na hivyo hatari ya kuacha mabaka ni ndogo. Sibishani na madaktari. Nabishana na boksi.

Boksi linasema sindano 540. Haliambii mtu urefu wake unamaanisha nini. Rola za nyumbani huwa za milimita 0.2 au 0.3. Hizo zinagusagusa tabaka la juu tu, na kazi yake kubwa ni kufungulia njia mafuta unayopaka. Kolajeni inayohitaji kuamshwa iko chini zaidi. Asubuhi utaona uso umejaa kidogo, ufurahi, upige selfi. Huo ni uvimbe. Ukishuka, mashimo yako yanarudi pale pale.

Kliniki wanatumia sindano za zaidi ya milimita moja, kwa makovu hata mbili na kupita. Unapakwa ganzi kwanza, sindano ni mpya, na unarudi mara tatu, nne, hata sita, kila baada ya mwezi hivi. Kisha unangoja miezi mingine ngozi ijijenge. Na hata hapo kovu linapungua, halifutiki. Daktari mkweli atakwambia hivyo kabla hujatoa pesa.

"Basi si ninunue ya 1.5 nijifanyie?" Hapo ndipo hatari ilipo. Rola isiyodhuru sana haifanyi kazi uliyoahidiwa, na ile inayoweza kuifanya haifai kuwa bafuni kwako. Sindano ndefu mkononi mwa mtu anayejiangalia kwa kioo inararua ngozi. Ukiwa na chunusi mbichi, unatoa usaha wa shavu moja ukiupanda kwa lingine. Kama kwenu mna keloidi, unajitafutia moja usoni. Na ngozi nyeusi ikijeruhiwa ovyo hulipiza kwa mabaka meusi, yale yale uliyotaka kuondoa. Halafu juu ya vidonda hivyo mtu anapaka maji ya ndimu, au siramu iliyotengenezwa kukaa juu ya ngozi, si kuingizwa ndani!

Kumbe wengi wanaoniuliza hawana hata mashimo. Wana alama nyeusi tu, zilizoachwa na chunusi. Ukipitisha mkono, ngozi ni sawasawa. Alama za namna hiyo mara nyingi hufifia zenyewe kwa miezi, hasa ukizikinga na jua na ukiacha kuzikwaruza. Ndiyo maana rola ina mashahidi wengi. Dada alijichoma miezi sita, alama zikafifia, akaisifu rola. Kazi ilifanywa na wakati, sifa ikachukuliwa na sindano.

Lakini linaloninyima usingizi ni damu. Hosteli nne, rola moja, "tunaiosha na maji moto." Sindano iliyotoa damu ya mwenzako inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya ukimwi. Kule Albuquerque, Marekani, spa moja isiyo na leseni ilifungwa 2018, na taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ikaeleza mwaka 2024 jinsi wateja waliochomwa sindano usoni humo walivyopata virusi vya ukimwi. Walienda kutafuta urembo. Sisi tuliokua tukiambiwa tusichangie wembe wa chale wala wa kunyolea, tutachangiaje sindano 540?

Utaniambia: kliniki iko Nairobi na bei yake ni kodi ya nyumba. Ni kweli, na si jambo dogo. Uso wenye mashimo unauma, usiambiwe ni ujinga wa wasichana. Lakini umaskini si sababu ya kuuziwa uongo. Mwenye pesa akidanganywa, amepoteza pesa. Msichana wa hosteli akidanganywa, amepoteza pesa ya chakula na ameongeza mabaka.

Kwa hivyo ukiamua kununua, nunua ukijua. Tarajia ngozi inayong'aa siku mbili tatu, si ngozi mpya. Iwe fupi, iwe yako peke yako, isiguse chunusi mbichi, na uitupe ikianza kuwa butu. Pesa inayobaki, tibu chunusi kwanza, kwa sababu kila chunusi mpya inaweza kuacha kovu jipya. Mwone daktari hata mara moja, akwambie una alama au una mashimo.

Na wewe muuzaji, nakuomba kitu kimoja: andika miezi badala ya siku, andika "hupunguza" badala ya "huondoa", na uonyeshe picha ya mteja wako mwenyewe, mwenye ngozi kama yetu. Ukishindwa, usiniletee hiyo rola kwa saluni.