Herufi ni Mali ya Yule Azitumiaye

Wapo wenzetu, wengi wao wasomi, wanaozionea haya herufi zetu. Husema: watazameni Waethiopia, wao wana fideli, herufi zao wenyewe ambazo Kiamhara huandikwa kwazo hadi leo, wala hawakuzipokea kwa Mzungu. Sisi, wanadai, tuliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huko pwani, kisha wamisionari na serikali za kikoloni wakatuvika za Kirumi. Na taifa lisilo na herufi zake halina utamaduni wake. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini ni kasumba ile ile ya kujidharau iliyovikwa joho la uzalendo. Tunaipinga.

Kwanza, hakuna herufi zilizoshuka kutoka mbinguni. Chimbuko la fideli ni maandishi ya Arabuni ya Kusini, ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Waethiopia waliyageuza kwa mahitaji yao, wakaipa kila konsonanti maumbo saba kufuatana na irabu. Mtoto wao huyaghani mstari baada ya mstari, umbo la kwanza hadi la saba. Je, mkulima wa Ukerewe aliyeketi chini ya mwembe akitamka ba, be, bi, bo, bu, alitenda jambo gani la kigeni? Herufi za Kirumi nazo Warumi waliziazima, na mzizi wake wafika kwa Wafoinike. Mwenye kuazima herufi na kuzitumia vyema hadaiwi na mtu.

Pili, Ethiopia ilikuwa na herufi zake kwa zaidi ya miaka 1,500, lakini mapinduzi ya 1974 yaliwakuta watu wazima zaidi ya tisa katika kila kumi hawajui kusoma. Herufi zilikaa na makasisi na wakubwa. Kampeni kubwa ya kuufuta ujinga huo ilianza 1979. Hatusemi haya kwa kuwabeza ndugu zetu. Twasema kwamba swali la kuuliza ni moja: nani anasoma?

Swali hilo watu wa Ziwa Victoria walilijua mapema. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, waliochoka kupunjwa kwenye mizani, waliweka wapimaji wao wenyewe vituoni, na kutokana na umoja huo vikakua vyama vyao vya ushirika. Kuisoma mizani kulikuwa kuilinda jasho. Ndiyo maana mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa pamoja na UNESCO kati ya 1968 na 1972, makao yake yakiwa Mwanza, ulifundisha herufi kwa habari za pamba, uvuvi na migomba. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kuufuta ujinga kabla ya mwisho wa 1971. Nchi nzima, wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya 10 mwaka 1986. Hizo ni herufi za nani, kama si zetu?

Na aibu ya kweli tunayo, ila iko mahali pengine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akahifadhi humo desturi za watu wake. Hakupata mchapishaji. Ilimbidi akifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 herufi zilikuwapo, mwandishi alikuwapo. Kilichokosekana ni kitabu.

Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba watu zaidi ya wawili katika kila kumi wenye miaka 15 na kuendelea hawakujua kusoma wala kuandika. Ujinga uliofukuzwa mlangoni ulirudi kwa dirishani. Wanaotaka kututungia herufi mpya na waache. Watujibu hili: mvuvi wa Ukara aliyejifunza kusoma jana, kesho atasoma nini? Herufi isiyopewa kitabu hufa mikononi mwa mwenyewe. Tuchapishe, tusambaze, tusome.