Kitabu Hakisomwi kwa Amri

Askari huishi kwa amri. Huamka kwa tarumbeta, hula kwa saa, hushika zamu ya lindo bila kuuliza sababu. Tabia hiyo ni nguzo ya jeshi na ya polisi, wala hatuna nia ya kuitikisa. Hata hivyo, yapo mambo ambayo amri haiyafikii, na mojawapo ni mtoto wa shule ya msingi na kitabu chake cha hadithi.

Katika nyumba nyingi za askari hapa Bujumbura, makambini na mitaani, kitabu hutajwa pale mtoto anapokosea. Aliyevunja kikombe huambiwa akae chini asome. Aliyechelewa kurudi kutoka mpirani naye husoma, ilhali nduguye mwenye adabu huachiwa akacheze. Mtoto si mjinga. Hutambua upesi kwamba kitabu ni jamaa wa kiboko. Na yule aliyejiinamia kwa hiari yake juu ya kisa cha Sungura na Fisi huambiwa aache upuuzi, ashike daftari la hesabu! Haki iko wapi hapo?

Chanzo cha hali hii kinaeleweka. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005, madarasa yalifurika, na vichwa vingi vikainamia kitabu kimoja. Miaka hiyo hiyo Kiingereza na Kiswahili viliongezwa shuleni juu ya Kirundi na Kifaransa. Mtoto amebebeshwa lugha nne, na mwishoni mwa mwaka wa tisa mtihani wa taifa unamngoja. Mzazi ana haki ya kuhofu. Lakini hebu tuulizane, ndugu askari: ni nani kati yetu aliyejua kulenga shabaha kwa kupewa risasi siku ya mtihani peke yake? Mkono huzoea kwa kurudiarudia, na jicho la msomaji ni vivyo hivyo. Hakuna mtoto atakayerudia mara mia jambo asilolipenda.

Majeshi makubwa yamekwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 1943, vita kuu vya pili vikiwa vimepamba moto, Marekani ilianza kuwagawia askari wake vitabu vidogo vya jalada laini, vilivyopimwa viingie katika mfuko wa sare. Kufikia mwaka 1947 zilikuwa zimechapwa nakala zaidi ya milioni 120. Vingi vilikuwa riwaya, visa vya kuchekesha na masimulizi ya safari. Askari walivisoma mahandakini na vitandani hospitalini, na hapakuwa na afisa aliyewatahini. Ikiwa mtu mzima mwenye bunduki alihitaji kusoma kwa raha, sembuse mtoto wa miaka minane?

Warundi hatuanzii patupu. Mtoto wetu akisikia «Sokwe!» huitikia «Niruze!» kabla hajajua kushika kalamu, na Samandari, yule mjanja asiyekosa jibu hata mbele ya mfalme, humchekesha hadi leo. Kwa Kirundi ndipo anapoanza kusoma, na kwa Kirundi ndipo raha yake ingepaswa kuanza. Vitabu vya watoto kwa lugha hiyo bado ni haba mno. Kwa Kiswahili hali ni nafuu, maana Tanzania ina mradi wa vitabu vya watoto tangu mwaka 1991, na mpaka wa Kobero si mbali. Baba ambaye Kifaransa kinamtatiza hana udhuru katika lugha hizi mbili.

Wapo watakaosema kwamba baba mwenyewe hayupo. Ni kweli. Tangu Desemba 2007, askari wa Burundi walipotua Mogadishu, familia nyingi zimezoea malezi ya simu. Swali la kwanza katika simu hizo huwa ni moja: umepata alama ngapi? Tungependa lifuatwe na jingine: Fisi amefikia wapi?

Tena, gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Mwaka 2014 katika kambi za wakimbizi wa Kikongo, Kavumu na Bwagiriza, yaliletwa masanduku ya maktaba ambayo watu wachache huyafungua yakawa chumba cha kusomea katika muda wa dakika 20 hivi. Kambi ya askari haihitaji hata hayo. Panatosha chumba kimoja, mkeka, rafu ya mbao na vitabu vichache vilivyochangwa siku ya mshahara, kabla ya likizo kubwa ya kiangazi. Mtoto aingie na kuchagua mwenyewe. Kisichomvutia akiachie katikati, achukue kingine, na asiulizwe sababu. Mlangoni pasiwekwe mlinzi.