Usimtumie Baba kama kisingizio cha kukaa

Juzi jioni nilisimama kwenye steji moja ya boda hapa Bondo mjini, nikamwambia jamaa yangu tuliyesoma naye shule ya msingi kwamba kuanzia sasa nitakuwa nikienda nyumbani kwa miguu. Akacheka. "Omera, unataka nilale njaa? Na si hata Baba alikufa akitembea?" Wenzake wakaangua kicheko, halafu wote wakanyamaza. Hapa kwetu hilo bado ni donda.

Ni kweli. Oktoba 15, 2025, Raila Odinga alianguka akiwa kwenye matembezi ya asubuhi huko Kerala, India, na moyo wake ukasimama. Siku nne baadaye akazikwa papa hapa Bondo, Kang'o ka Jaramogi. Lakini Baba alikuwa na miaka 80, na alikuwa India kwa matibabu. Kijana wa miaka 25 akikifanya kifo hicho kuwa sababu ya kukaa kitako kutwa nzima, anajidanganya. Hakuna aliyewahi kusema kwamba anayetembea hafi. Kinachosemwa ni kwamba anayekaa tu anajiharakishia.

Na mimi mwenyewe ni mkosaji. Tangu niache chuo, riziki yangu iko kwenye laptopu. Kuna siku nilikuwa naketi masaa 11, nainuka tu kwenda chooni na kufuata chapati kibandani. Mwaka jana kulikuwa na kambi ya matibabu ya bure karibu na soko, nikapimwa presha kwa kupitisha wakati tu. Ikasoma 148/96. Nesi akanipumzisha dakika tano, akapima tena. Haikushuka. Nikamuuliza kama mashine ni mbovu. Akaniuliza, "Kijana, kazi yako ni gani?" Nilikuwa na miaka 24.

Jibu la swali hilo la nesi lilianza kutafutwa kitambo, na lilitafutwa kwa dereva na makanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva na makanga walikuwa kwenye basi moja, mtaa mmoja, na mishahara yao haikupishana sana. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba dereva aliketi karibu zamu nzima, na makanga alipanda na kushuka mamia ya vipandio vya ngazi kwa siku akikusanya nauli. Matokeo yalichapishwa 1953: makanga walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini sana kuliko madereva. Watu wakasema labda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Morris akaenda kuchunguza hadi saizi za suruali zao za kazi. Ikaonekana kwamba makanga mwembamba au mwenye kitambi, wote walikuwa na afadhali. Morris mwenyewe alifariki 2009 akiwa na miaka 99.

Sasa rudi Bondo. Wakubwa wetu wanakumbuka boda ilipokuwa baiskeli. Kijana alikanyaga pedali na abiria nyuma, jua la utosini, vumbi machoni. Mnamo 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na kazi ikageuka ikawa ya kiti. Sisemi turudi kwa baiskeli. Pikipiki imelipa karo na kujenga nyumba. Ila tuliliacha jasho bila kujua kwamba lilikuwa likitulinda. Leo jamaa anakalia pikipiki toka saa kumi na mbili asubuhi, akikosa mteja anakaa kwenye benchi na soda mkononi, usiku anakalia kochi akitazama mpira. Mwanafunzi naye anaketi darasani, anaketi kwenye boda, kisha anajilaza na simu.

Kwani kukaa kuna ubaya gani? Misuli ya mapaja na makalio ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini. Ukiitumia, inavuta sukari kutoka kwenye damu ili ipate nguvu, na inaweza kufanya hivyo hata bila kusubiri insulini. Ukiketi, inalala. Ule ugali na soda uliotoka kumeza unabaki ukizunguka kwenye damu kama sukari, na kongosho inalazimika kumwaga insulini zaidi na zaidi. Miaka ikipita, mwili unaizoea insulini na kuacha kuisikia. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili huingia. Sukari hiyo ikizidi huharibu mishipa ya damu, na mishipa ikiharibika, moyo nao unalipa.

Habari njema ni kwamba dawa yake si ghali. Watafiti wa Australia walionyesha 2012 kwamba watu waliokatiza kukaa kwa kutembea polepole dakika mbili kila baada ya dakika 20 walishusha sukari yao ya baada ya mlo kwa karibu robo. Huko Marekani, watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilishaanza kupanda walifuatiliwa. Waliorekebisha chakula, wakapunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin walipunguza kwa asilimia 31. Matokeo hayo yalitoka 2002, wengi wetu tukiwa bado kwenye nepi.

Na kama kazi yako ni ya kukaa, usikate tamaa. Mwaka wa 2016 watafiti walijumlisha data za watu zaidi ya milioni moja, wakaona kwamba mtu anayeketi zaidi ya masaa 8 kwa siku anaweza karibu kufuta hatari hiyo ya ziada akitembea kwa kasi dakika 60 hadi 75 kila siku. Hiyo ndiyo safari yangu ya jioni. Si jimu, si viatu vya elfu kumi.

Wacha tuwe wakweli: mama anayeanika omena pale Usenge hahitaji hotuba yangu kuhusu mazoezi. Jua na beseni vinamtosha. Tatizo ni sisi wa mjini, tunaojiona wazima kwa sababu hatuumwi popote. Utafiti wa kitaifa wa 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na kwamba karibu asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Presha haipigi hodi. Wengi huijua siku mdomo unapopinda.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa Kaunti ya Siaya: tupeni njia za watu wa miguu kando ya barabara. Huwezi kumwambia kijana atembee halafu ukamwachia achague kati ya mtaro na matatu. Na zile mashine za presha na sukari zisingoje siku ya kambi. Zileteni stejini na vyuoni, hata mara moja kwa mwezi, kwa sababu huko ndiko tuliko.

La pili ni kwetu sisi. Mwenye boda, ukikosa mteja, simama na uzunguke steji. Mwanafunzi, pokea simu ukitembea. Ukishakula, usikimbilie kitanda, zunguka ploti kwanza. Na kama kifua kinakubana, unapumua kwa shida au huwa unazimia, muone daktari kabla hujaanza kukimbia.

Presha yangu sasa inasoma 130 na kitu. Bado naifuatilia. Jana nilipita tena stejini kwa miguu. Jamaa yangu hakucheka. Alinivuta kando, mbali na wenzake, akauliza kwa sauti ya chini, "Ile mashine ya kupima ilikuwa wapi?" Leo tunaenda naye.

Na wewe, umekaa tangu saa ngapi? Makala yameisha. Inuka.